Mustang 1966 yenye 289 V8: nianzie wapi kwenye suspensheni kabla ya kununua springi ngumu?

Houston_Sitasita
Wakuu, habari za kazi. Naomba ushauri wa wenye uzoefu na hizi gari.

Gari: Mustang kupe ya 1966, injini 289, giaboksi otomatiki C4, difu ya inchi 8, rimu za nati tano. Breki za dramu pande zote, usukani wa mkono bila pampu. Chini karibu kila kitu ni cha kiwandani, isipokuwa shokapu za bei rahisi zilizowekwa na mmiliki wa zamani. Rimu bado ni za inchi 14.

Dalili zake:
– Kwenye kona inalala sana na pua inasukumwa nje.
– Maili 70 kwa saa kwenye barabara kuu inatangatanga, lazima usukani uuchezee muda wote.
– Ikipita tuta inalia mbele kama bawaba kavu.
– Ikikanyaga bonde, mbele inagonga stopa.

Matumizi ni barabarani, safari ndefu za wikendi, na labda uwanja wa mbio mara moja moja. Hapa Texas nimepewa njia tatu: (1) springi za mbele za 620 (pauni kwa inchi) na stabilaiza nene (fimbo ya kupunguza gari kulala), (2) kit kamili ya koilova (springi na shokapu kwa kipande kimoja), (3) kukata minara ya shokapu (nguzo za bati pembeni mwa injini) na kuweka fronti, yaani suspensheni ya mbele, ya aina ya Mustang II. Ipi ina maana kwa gari hili?

---

Spana_Tisa_Kumi_na_Sita
Mkuu, usinunue chochote kwanza. Dalili zako tatu kati ya nne ni za vitu vilivyochoka, na springi ngumu hazitibu kitu kilichochoka. Zitakificha kwa muda, kisha zitakimaliza haraka zaidi.

Kumbuka mpangilio wa gari hili. Springi ya mbele haikai juu ya wishiboni ya chini kama kwenye magari mengi. Inakaa juu ya wishiboni ya JUU, kwenye kiti chenye bushi ya mpira, na shokapu inapita katikati ya springi hadi juu ya mnara. Wishiboni ya chini ni mkono mwembamba wenye bolti moja tu ndani, na kinachouzuia usiende mbele na nyuma ni strati rodi inayoelekea mbele ya chesisi. Kwa hiyo uzito wa gari unapita kwenye boljointi ya juu na kwenye mnara.

Ukaguzi wa mbele ufanye hivi:

1. Kabla ya kunyanyua, gari likiwa chini, weka kipande cha mbao ngumu kati ya wishiboni ya juu na chesisi. Halafu piga jeki kwenye chesisi. Kipande hicho kinabeba nguvu ya springi, na boljointi ya juu inabaki huru uweze kuipima. Bila hicho utaitingisha gurudumu na kudhani boljointi ni nzima, kumbe springi imeibana.

2. Shika tairi saa 12 na saa 6, tingisha. Mwenzako aangalie boljointi zote mbili. Kisha saa 3 na saa 9 kwa ajili ya tairodi, aidla (mkono unaoshikilia fimbo za usukani upande wa pili wa boksi) na boksi la usukani.

3. Gari likiwa chini, mtu azungushe usukani kushoto na kulia kidogo kidogo huku wewe unaangalia aidla. Ikipanda na kushuka kabla ya magurudumu kugeuka, hapo umepata sehemu ya kutangatanga kwako.

4. Angalia bushi za strati rodi mbele kabisa. Mpira ukiwa umepasuka au umekuwa bapa, gurudumu linarudi nyuma kila ukishika breki.

5. Ule mlio: mara nyingi ni shafti ya wishiboni ya juu iliyokauka, au bushi ya kiti cha springi. Kwenye shafti kuna vizibo ambavyo unavitoa na kuweka nipo za grisi. Nafasi ni finyu, tumia nipo za pembe ya digrii 90. Ikikataa kupokea grisi, nyuzi zimeshaliwa, badilisha wishiboni nzima.

6. Safisha mnara wa shokapu kwa brashi ya waya hadi uone chuma. Tafuta nyufa kuzunguka bolti za wishiboni ya juu na pale mnara unapokutana na chesisi. Hiki ndicho kipengele watu wanakiruka, na ndicho kinachoamua kama gari linastahili springi ngumu au la.

Tupe majibu ya kipengele cha 6 kabla hatujaenda mbele.

---

Pwani_Klasiki
Naunga mkono, na naongeza kutu. Huku Mombasa chumvi ya bahari inafanya kazi yake kila siku, lakini hata gari la Texas lina ugonjwa wake wa kuzaliwa: maji yanayoingia kwenye matundu ya hewa chini ya kioo cha mbele. Chumba kile kikitoboka ndani, maji yanadondokea sakafuni na kuteremka kwenye chesisi bila wewe kuyaona.

Kipimo ni rahisi. Toa mazulia ya mbele, mwaga maji taratibu kwenye matundu yale, upande mmoja kwanza halafu wa pili. Maji yanatakiwa yatokee nyuma ya fenda. Yakionekana ndani ya gari, bati limeoza.

Angalia pia chini ya betri. Asidi imekula bati la ndani la fenda na sehemu ya chesisi kwenye Mustang nyingi sana. Bisbisi kali ikizama pale, acha habari za springi, tafuta mchomeleaji anayejua bodi. Hakuna breisi (chuma cha kuimarisha minara) inayofanya kazi ikiwa imefungwa kwenye bati lililooza.

---

Houston_Sitasita
Asanteni. Nimeangalia. Nyufa hakuna, ila kuna alama ya rangi iliyopasuka kwenye mnara wa kushoto, chini ya bolti ya nyuma. Bati ni gumu, maji yanatoka nyuma ya fenda vizuri. Aidla imekufa, inapanda na kushuka wazi. Bushi za strati rodi zimepasuka zote. Boljointi ya juu kulia inacheza. Wishiboni ya juu kushoto haipokei grisi.

---

Spana_Tisa_Kumi_na_Sita
Rangi kupasuka bila bati kupasuka maana yake mnara unatembea. Ikwangue, puliza dawa ya kuonyesha nyufa, uhakikishe. Ikiwa safi, funga minara kabla ya kuongeza ugumu wowote.

Kiwandani waliweka mkono mmoja mwembamba kutoka kila mnara hadi ukuta wa injini. Badala yake weka breisi ya kipande kimoja, ile iliyotumika kwenye magari ya kusafirishwa nje, pamoja na baa ya Monte Carlo inayounganisha mnara na mnara. Shelby walifunga zote mbili kwenye GT350, Mustang yao ya mbio. Breisi ikigoma kukaa kwenye matundu, usitanue matundu! Minara imeinamia ndani kwa miaka. Isukume nje kwa jeki ya kutanua iliyowekwa kati ya minara, kidogo kidogo, hadi bolti ziingie kwa mkono.

Chini, kupe yako ina chesisi ya mbele na chesisi ya nyuma zisizoungana. Katikati kuna sakafu tu. Viunganishi vya kuchomelea vinabadilisha gari zaidi ya watu wanavyodhani. Vichomelewe gari likiwa limesimama kwa uzito wake, juu ya rampu, si likining'inia kwenye lifti ya mikono miwili. Kabla ya kuchomelea angalia uwazi wa milango. Ukichomelea gari likiwa limepinda, litabaki limepinda.

---

Mdau_wa_Nairobi
Samahani kuingilia. Kila uzi wa hizi gari watu wanataja "Shelby drop". Ni nini hasa, na kwa nini wengine wanasema ndiyo kitu cha kwanza?

---

Kasta_Chanya
Swali zuri, na ndilo kiini cha uzi huu.

Kwenye Mustang ya kiwandani, wishiboni ya juu imekaa kwa namna ambayo gari likilala kwenye kona, gurudumu la nje linalala pamoja nalo. Sehemu ya juu ya tairi inaelekea nje, na tairi linabaki limesimamia bega lake la nje. Ndiyo maana pua inasukumwa nje. Unaweza kuweka tairi pana kiasi chochote. Kama limesimama kwa bega, upana umeulipia bure.

Klaus Arning, mhandisi wa Ford, alipiga hesabu ya kushusha sehemu ya ndani ya wishiboni ya juu. Shelby wakaitumia kwenye GT350 ya 1965: inchi 1 chini. Wishiboni sasa inalala kwa pembe, na gurudumu likipanda, juu ya tairi inavutwa ndani. Tairi linabaki bapa barabarani. Tena kile kitovu ambacho gari hulalia kinapanda, kwa hiyo gari linalala kidogo hata kwa springi zilezile. Mbele inashuka zaidi kidogo ya nusu inchi.

Shelby waliacha kuifanya kwenye magari ya 1966 baada ya yale ya mwanzo, kupunguza gharama. Haikuwa na kasoro ya kiufundi. Gharama yako ni kielelezo cha bati na biti za drili. Hakuna kitu kingine kwenye orodha hii kinachorudisha thamani kiasi hicho.

Hatua:

Gari kwenye stendi chini ya chesisi, magurudumu nje. Toa shokapu na kofia ya juu ya mnara. Ingiza kikandamiza springi cha ndani, kile kilichotengenezwa kwa ajili ya hizi Ford, si vile vya kulabu vya nje vya magari madogo. Springi hii ikikuponyoka inavunja mkono. Usiweke kichwa mbele yake hata ikiwa imekandamizwa.

Kabla ya kulegeza nati za wishiboni upande wa injini, hesabu shimu (vipande vyembamba vya bati) kwenye kila bolti, zifunge kwa gundi ya karatasi na uandike: kushoto mbele, kushoto nyuma, na kadhalika. Mpigaji alaimenti atakushukuru.

Funga kielelezo kwa kutumia matundu ya zamani. Matundu mapya ni inchi 1 chini, na vielelezo vingi vinasogeza pia inchi 1/8 kuelekea nyuma ya gari. Hakikisha hujageuza cha kushoto kikawa cha kulia! Piga alama kwa senta panchi. Anza na biti ya inchi 1/8, panda polepole, mafuta kila mara. Pale bati ni zaidi ya moja, ukiinamisha drili matundu hayatakutana na bolti itaingia kwa nyundo. Mwisho kata makali, paka praima. Matundu ya zamani yaache.

Rudisha, lakini bolti zinazopita kwenye bushi za mpira usizikaze hadi gari lisimame chini kwa uzito wake. Bushi ya mpira haizunguki, inajipinda. Ukiikaza gurudumu likining'inia, gari likishuka bushi inaishi imepindwa na inachanika mapema.

Kuna vielelezo vya kushusha zaidi ya inchi 1. Hapo boljointi ya juu inafika mwisho wa pembe yake gurudumu likining'inia, na inahitaji kabari maalumu. Kwa gari la barabarani inchi 1 inatosha.

---

Houston_Sitasita
Nimekuelewa kabisa. Sasa springi. 620 si ngumu mno kwa safari ndefu? Namba yenyewe inatisha.

---

Kasta_Chanya
Inatisha kwa sababu unaisoma kana kwamba springi iko juu ya gurudumu. Iko karibu katikati ya wishiboni. Gurudumu likipanda inchi 2, springi inabanwa karibu inchi 1. Ugumu unaoufikia gurudumu ni namba ya springi mara uwiano huo, mara uwiano huo tena: 620 × 0.5 × 0.5 = 155. Yaani kama pauni 155 kwa inchi kwenye gurudumu. Ni gari thabiti la barabarani, si la mashindano.

Linaloumiza migongo ya watu mara nyingi ni shokapu ngumu kupita kiasi, na mbele iliyoshushwa mno hadi inatembelea stopa. Hiyo dalili yako ya nne ni hiyo: springi zako zimelala kwa uzee, safari ya kupanda imebaki fupi.

Kuhusu shokapu, ukiweka 620 na shokapu za bei rahisi, mbele itadunda mara mbili tatu baada ya tuta kwa sababu shokapu haina nguvu ya kuzuia springi ikirudi. Nunua shokapu zilizopangiwa springi hizo, na muulize muuzaji swali moja: je, zinadhibiti zaidi wakati wa kutanuka au wakati wa kubanwa? Unataka zaidi wakati wa kutanuka. GT350 ilikuja na Koni, na mpaka leo Koni na Bilstein ndizo chaguo la wanaoendesha masafa marefu.

Kukata springi ya kiwandani: inawezekana, mzunguko nusu, na ugumu unaongezeka kidogo. Lakini tumia jiwe la kukatia, polepole. Ukitumia gesi, joto linaua chuma na springi italala ndani ya muda mfupi. Kwako sioni faida, zako zimeshachoka.

Kwenye kuweka, ncha ya chini ya springi ikae hadi iguse kizuizi chake kwenye kiti. Ikiachwa mbali, springi itajizungusha yenyewe barabarani, gari litashuka upande mmoja, na utahangaika na alaimenti bila kujua sababu.

Na viti vya springi: kile cha kiwandani kina bushi ya mpira inayojipinda kila gurudumu linapotembea, ni kama una springi ya pili usiyoijua. Kiti chenye beringi kinazunguka huru. Ni bei, lakini mshindo mdogo wa barabara unapungua na mlio unaisha. Kati ya kiti cha beringi na stabilaiza nene, ningelipa cha beringi kwanza.

---

Fundi_Maskati
Salaam kutoka Oman. Niongezee kwenye bushi, kwa sababu hapa joto linaua mpira haraka na kila mtu anakimbilia poliyurethani gari zima. Hilo ni kosa la hatari.

Poliyurethani inafaa pale kitu kinapozunguka kwa mwelekeo mmoja: bushi za stabilaiza, linki zake, vishikizi vya nyuma vya springi za majani. Weka grisi yake maalumu, la sivyo italia.

HAIFAI kwenye strati rodi. Fikiria fimbo ile inavyofanya kazi: nyuma imefungwa kwenye wishiboni ya chini, mbele imepita kwenye tundu la chesisi kati ya bushi mbili. Wishiboni ikipanda na kushuka, fimbo lazima iiname pale mbele. Mpira unaruhusu. Poliyurethani inaibana, na chuma kinaanza kupindwa huku na huku pale nyuzi zinapoanzia, kila tuta, kila siku. Siku moja kinakatika, mara nyingi ukiwa umeshika breki. Wishiboni ya chini inakuwa huru na gurudumu linarudi nyuma hadi kwenye fenda.

Chaguo ni mbili: bushi za mpira mpya za ubora, au strati rodi zenye kichwa cha boli ambacho kinainama chenyewe. Hizi za pili zina faida kubwa kwa 1966, kwa sababu strati rodi ya kiwandani ya mwaka huo haina marekebisho ya urefu. Ukiwa na za kurekebisha, ukifupisha unavuta wishiboni ya chini mbele na kasta (mwinamo wa mhimili wa usukani kuelekea nyuma) inaongezeka. Ila boli zinahitaji kifuniko cha vumbi, na zikaguliwe.

---

Turbo_wa_Arusha
Mimi naona mnamzungusha. Koilova unafunga siku moja, unarekebisha urefu kwa spana, kazi imeisha. Au aende fronti ya Mustang II kabisa, minara inatoka na anapata usukani wa rack (wa reli ya meno).

---

Spana_Tisa_Kumi_na_Sita
Kaka, koilova si mbaya, lakini soma maelezo yake vizuri. Kit nyingi nzuri zinakuja na wishiboni zake zenye jiometria iliyosahihishwa, na hapo unalipia Shelby drop pamoja na kila kitu kingine. Kit ya bei ya chini inayobadilisha springi tu na kuacha wishiboni mahali pake pa zamani inakupa urefu wa kurekebisha na kona mbaya ileile. Na nguvu bado zinaingia kwenye mnara, kwa hiyo breisi na ukaguzi wa nyufa hauvikwepi.

Mustang II ina mahali pake: pale injini haiingii kati ya minara. Mfano ni Coyote lita 5.0, V8 ya kisasa ya Ford, vichwa vyake ni vipana na minara inazuia. Mwenye 289 hana shida hiyo. Ukikata minara, uzito wote wa mbele unahamia kwenye chesisi ambayo haikupangiwa kuubeba pale, kwa hiyo lazima iimarishwe, na usahihi wa uchomeleaji ndio unaoamua kama gari litaenda moja kwa moja. Kurudi nyuma hakuna. Kwa gari zima la 1966 lenye bati safi kama la huyu bwana, mimi nasema asilikate.

Rack nayo: nyingi zinapunguza kukata kona, unahitaji barabara pana zaidi kugeuza gari. Tafuta boksi la usukani la uwiano wa 16:1 badala ya 19:1. Kwa usukani wa mkono litakuwa zito ukiegesha, jepesi ukishatembea.

---

Turbo_wa_Arusha
Sawa mkuu, la Coyote nimelielewa. Nyuma je? Mbona hakuna anayegusa nyuma?

---

Majani_Matano
Nyuma ni rahisi, lakini watu wanaiharibu kwa kuongeza.

Springi za majani za kiwandani ni za majani manne. Kwa matumizi haya weka za majani manne na nusu, au matano yenye jicho la kati ambayo yanashusha kama inchi 1. Shusha nyuma kulingana na mbele. Gari lililoinua mkia linapoteza kasta.

Yubolti ziwe mpya. Ya zamani imeshavutika, nati inaonekana imekaza kumbe bado. Pini ya katikati ya springi lazima izame kwenye tundu la kiti cha ekseli. Isipozama, ekseli inakaa mshazari na gari linatembea kama kaa. Pima kutoka tundu la mbele la springi hadi ekseli, kushoto na kulia, zilingane. Bushi ya jicho la mbele iwe mpira. Bolti zake kaza gari likiwa chini. Baada ya maili 50, kaza yubolti tena kwa spana ya toki kulingana na kitabu cha huduma.

Stabilaiza ya nyuma USIWEKE kwa sasa. Gari lenye Shelby drop na stabilaiza ya mbele ya inchi 1 linakuwa na uwiano mzuri. Ukiongeza ya nyuma, mkia utatoka kwenye mvua. Endesha kwanza.

Ukikanyaga mafuta na nyuma inadundadunda, majani yanajikunja. GT350 ilikuwa na baa za kuzuia hilo zilizopita juu ya ekseli. Kwa 289 ya C4 huenda usizihitaji kabisa. Angalia kwanza kama shokapu za nyuma zimekufa.

---

Mdau_wa_Nairobi
Na urefu? Huku kwetu matuta ni mengi na mengine hayana alama.

---

Pwani_Klasiki
Kwa matuta yetu usishushe gari zaidi ya jumla ya inchi 1 hadi 1½ kutoka kiwandani, pamoja na ile inayotokana na drop. Ukifanya drop, chagua springi zenye urefu wa kawaida badala ya zilizofupishwa. Kinachogonga kwanza si chesisi, ni bomba la ekzosi.

---

Kasta_Chanya
Alaimenti. Hapa ndipo kazi yote inaweza kupotea, kwa sababu fundi ataingiza "Mustang 1966" kwenye kompyuta na mashine itampa vipimo vya matairi ya zamani ya nyuzi za mshazari: kemba (mlalo wa juu ya tairi, hasi ni kuelekea ndani) karibu na sifuri au chanya kidogo, kasta ndogo. Kwa tairi za radiali hizo ndizo zinazofanya gari litangetange. Andika kwenye karatasi na umkabidhi:

Kemba: hasi 0.5 hadi hasi 1.
Kasta: chanya 2 hadi 3 kwa usukani wa mkono, hadi 4 kwa wenye pampu.
Too (mbele ya tairi kuelekeana): ndani, inchi 1/16 hadi 1/8 jumla.

Kwenye 1966 kemba inarekebishwa kwa shimu kati ya shafti ya wishiboni ya juu na mnara. Kutoa shimu sawasawa kwenye bolti zote mbili kunavuta wishiboni ndani, kemba inaenda hasi. Kuongeza shimu bolti ya mbele na kupunguza ya nyuma kunaongeza kasta. Fundi wa Chevrolet wa enzi zile ana mazoea ya kinyume, mwonyeshe. Ukiwa na strati rodi za kurekebisha, kasta ifanye kwa rodi na shimu ziache kwa kemba.

Jambo dogo linalosahaulika: barabara zimeinama pembeni ili maji yatoke. Marekani gari linapita kulia, kwa hiyo linavutwa kulia. Kasta ya kushoto iwe pungufu kwa robo hadi nusu digrii. Kenya na Tanzania tunapita kushoto, fanya kinyume. Karatasi ya alaimenti uliyoitoa kwenye kikundi cha Wamarekani usiitumie Nairobi bila kuigeuza.

Uzito wa dereva uwe ndani ya gari wakati wa kupima, na tenki liwe nusu.

---

Houston_Sitasita
Nimeandika yote. Mpango: aidla, boljointi, wishiboni za juu mpya, strati rodi za kurekebisha, viti vya beringi, drop, breisi na Monte Carlo, 620, Koni, stabilaiza inchi 1, nyuma majani manne na nusu. Rimu nifikirie 15×7. Kuna kitu nimesahau?

---

Spana_Tisa_Kumi_na_Sita
Breki. Gari la 1966 lina masta silinda ya chumba kimoja. Bomba moja likipasuka, huna breki mbele wala nyuma. Ford walileta ya vyumba viwili mwaka uliofuata. Badilisha hiyo hata kama unabaki na dramu. Na kama unawaza diski, amua SASA kabla ya kununua, kwa sababu spindo (ekseli fupi zinazobeba magurudumu ya mbele) za diski za miaka ile si sawa na za dramu. Usifungue fronti mara mbili.

Kwa wengine wanaosoma wenye Mustang ya silinda sita: spindo, tairodi na difu zenu ni tofauti na za V8, na rimu ni za nati nne. Orodha hii msiinakili bila kuangalia namba za vipuri.

15×7 ni sawa. Mbele anza na 205/60 au 215/60. Kabla ya kununua zote, funga moja, geuza usukani hadi mwisho pande zote gari likiwa chini, kisha kandamiza pua kwa jeki au watu wawili. Angalia mdomo wa fenda na stabilaiza.

---

Majani_Matano
Stabilaiza ya inchi 1: ifunge mwisho, gari likiwa chini. Ukiifunga magurudumu yakining'inia, linki zinakaa na mvutano na gari litakuwa na tabia tofauti kona ya kushoto na ya kulia. Hakikisha haigusi mabomba ya breki usukani ukiwa umekatwa mwisho.

---

Kasta_Chanya
Ukishamaliza, piga mstari wa rangi kwenye kila nati na bati lake: wishiboni za juu, strati rodi, yubolti, breisi. Endesha maili 500, kisha fungua boneti na uingie chini na tochi. Mstari uliokatika unakuonyesha nati iliyosogea. Hapohapo kagua ile sehemu ya mnara wa kushoto uliyoikwangua. Ipake rangi nyeupe nyembamba leo, ufa wowote utaonekana bila kutafuta. Halafu rudisha gari kwenye mashine ya alaimenti, maana bushi mpya zikishakaa mahali pake vipimo vinasogea.